Wimbo wa Bibi Salome na Mwisho Nilioubandika

Wenzangu mliobaki studio, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Sijui nani alifikiri kwamba mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini kuhesabu sekunde za watu wengine anahitaji saa nyingine nyumbani, lakini nimeitundika sebuleni, hapa mtaani Picha ya Ndege, na inatembea vizuri. Mliniomba pia niwaandikie mambo ya kazi. Hapo mlifikiri, maana kwenye sherehe yenyewe mlisema sana kuhusu vyeo vyangu, na hakuna hata mmoja aliyesimulia jinsi ya kuivisha maiki soksi.

Basi nianze na soksi. Upepo ukipiga maiki unasikika kama mtu anayeburuta kabati. Siku hizi mna vile vifuniko vya manyoya vya dukani. Sisi tulikuwa na soksi, na ilitakiwa iwe ya pamba, iwe nene, na iwe imefuliwa. Hilo la tatu nililiongeza mimi siku ya kwanza kazini. Kabla yangu hakukuwa na mwanamke kwenye chumba kile, na inaonekana hakuna aliyewahi kunusa.

Aliyenipokea siku hiyo ni Mzee Kombo, fundi sauti mkuu, mtu mfupi na mtaratibu, hedifoni shingoni hata akienda kunywa chai. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi za redio yetu hapa Kibaha, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isigongegonge. Baadhi ya trei zilikuwa bado na manyoya ya kuku. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniwekea mkononi mashine ya tepu yenye uzito wa mtoto wa miaka miwili.

"Rekodi kimya," akasema.

"Kimya cha nini, mzee?"

"Cha chumba hiki. Ukimaliza, nenda ukumbini urekodi cha kule, halafu cha stoo. Ukiniambia vinafanana, urudi kwenu."

Havikufanana. Kimya cha studio kilikuwa na mlio mwembamba wa taa, cha ukumbini kilikuwa na feni mbovu, na cha stoo kilikuwa na panya. Mzee Kombo alinieleza kwamba kila mahali pana kimya chake, na kwamba fundi akikata maneno ya mtu lazima ajaze pengo kwa kimya cha palepale, la sivyo msikilizaji atashtuka bila kujua kilichomshtua. Nilisikiliza tepu ile mara tatu siku hiyo. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mimi nitakufa nikiuliza swali, na nadhani siku ile nilijua nimepata kazi ya kufia.

Enzi hizo tulikata kwa wembe. Unasikiliza tepu, unaweka alama kwa penseli, unaikata kwa mshazari, kisha unaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi. Mzee Kombo alikuwa na sheria moja tu kuhusu wembe, na aliirudia kila wiki: "Kata unachotaka. Usimwongezee mtu." Kukohoa, kigugumizi, kujirudia, vyote halali kukata. Kumtia mtu mdomoni sauti ambayo hakuitoa pale, haramu. Alikuwa na mfano wake wa fundi mmoja wa zamani aliyerekodi harusi, na "ndiyo" ya bwana harusi ikatoka hafifu. Fundi akachukua "ndiyo" nyingine ya bwana yuleyule, kutoka kwenye mahojiano kuhusu mbolea, akaibandika. Tepu ilisikika safi kabisa. Siri ilipovuja, kila walipogombana mke alimkumbusha mumewe kwamba yeye aliolewa kwa ndiyo ya mbolea.

Nilicheka sana, na nikaishika sheria ile kwa miaka yote ya tepu na miaka yote ya kaseti. Nilirekodi kwaya, maulidi, hotuba za wenyeviti, na mzee mmoja aliyetaka arekodiwe akiwalaani majirani zake kwa majina. Mzee Kombo alistaafu, kisha akatutoka, Mungu amrehemu. Nilianza kazi nikiitwa Dada Felista, nikamaliza nikiitwa Mama Felista, na katikati hapo wateja wapya waliendelea kuniuliza fundi yuko wapi. Kisha ikaja kompyuta, na kila kitu kikawa rahisi, dhambi ikiwemo.

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja Eliya. Wengi wenu mnamjua, fundi wa kuchomelea mageti pale barabarani, mrefu, mikono ina madoa ya cheche. Alikuja na bendi yake inayoitwa Kokoto. Walikuwa watatu: yeye na gitaa la umeme, Zuhura kwenye dramu, ambaye ni muuguzi na aliyepanga mazoezi ya bendi kwa kufuata zamu zake za wodini, na mpiga besi mmoja mpole ambaye sikumbuki kama aliwahi kuniambia zaidi ya "sawa, mama".

"Shikamoo, Mama Felista. Sisi tunapiga roki," alisema Eliya, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Marahaba. Inaambukiza?"

Wakafunga vyombo, wakapiga. Nilikuwa nimesikia roki ya Wazungu kwenye redio, sikuwahi kuielewa, na sikujua kwamba hapa Kibaha kuna mtu anayeihangaikia. Gitaa lilikwaruza. Nikasimama kukagua waya, nikidhani umekatika kwa ndani. Eliya akanionyesha kijisanduku cha bati mguuni pake, alichokitengeneza mwenyewe, akasema kazi yake ni kuichana sauti. Maisha yangu yote nimelipwa kuondoa mikwaruzo, na sasa yuko mtu anaitia makusudi! Nikavuta kiti. Wimbo wenyewe ulinishangaza zaidi. Dramu zilipiga mapigo matano mazito, la sita likaachwa tupu, tena na tena, mpaka mwili wangu ukawa unalingoja lile la sita lisilokuja.

"Hili pigo umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa bibi yangu, kijijini Vihingo. Kanisani kwao. Mama, wale watu walikuwa wanapiga roki kabla umeme haujafika."

Ndivyo nilivyosikia habari za Watu wa Mlango Wazi. Ni familia chache zilizotoka bara zamani zikaja kulima upande wa Kisarawe, na kanisa lao la kwanza liligawanyika kwa sababu ya kinanda. Kinanda kililetwa, nusu ya waumini wakafurahi, nusu wakasema chombo kisicho na mdomo hakiwezi kumsifu Mungu, wakatoka. Waliotoka walijenga nyumba yao ya ibada na kuiwekea fremu ya mlango bila mlango, kwa kuwa wanamngoja Bwana na hawataki abishe hodi. Wanaimba wakiwa wamesimama, kila mmoja juu ya jiwe lake bapa, wakipiga visigino. Na kila mmoja akibatizwa hutungiwa wimbo wake mwenyewe, unaoitwa kwa jina lake mpaka anakufa.

Eliya alikuwa ameutoa muziki wake kwenye wimbo wa bibi yake. Alitaka sauti ya bibi mwenyewe isikike mwanzoni mwa rekodi, kabla gitaa halijaingia. Nilijifanya nafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kutafuta soksi.

Tulikwenda na Zuhura kwa pikapu ya Eliya ya kubebea vyuma. Njiani tulisimama kumuuliza kijana wa bodaboda kama daraja la mbele limepona na mvua. "Limepona," akasema. "Mnaenda kwa hao wa Mlango? Aisee, wale wakiimba hata muhogo unatoka ardhini wenyewe."

Bibi Salome alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mwembamba, amejifunga kanga mbili, na macho yake yalifuata kila kitu nilichokitoa kwenye mkoba. Tulimwamkia, akaitika, akatupa mihogo ya kuchemsha na chai kabla ya neno lolote la kazi. Kisha akauliza zile hedifoni ni za nini. Nikamvika. Akasikiliza ua wake mwenyewe kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha.

"Kumbe yule jogoo ana kikohozi," akasema. "Na mimi ninamlaumu kwa uvivu."

Nikampenda papo hapo. Nilijua nimekutana na mtu wa aina yangu.

Adhuhuri tulikwenda kwenye ibada, mimi nikiwa msikilizaji tu. Aliyeongoza ni Mama Debora, mwanamke wa makamo mwenye mashine ya kusaga pale kijijini, ambaye cheo chake kanisani ni Mfungua Wimbo. Alianza kwa sauti iliyotoka kooni, nzito, yenye mkwaruzo uleule wa kijisanduku cha Eliya, na watu kama arobaini wakamfuata. Visigino vitano, cha sita hakuna. Nyumba ilitetemeka. Zuhura, aliyekuwa amesimama nami nje kwa heshima, alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye nyonga, na nilimwona anakosea na kutabasamu.

Alasiri nikamrekodi Bibi Salome uani kwake. Jirani alikuwa anatwanga, kwa hiyo Eliya akaenda na Zuhura kumwomba asimame kidogo, na huko wakakaribishwa chakula, wakachelewa. Kinu kilinyamaza. Nikarekodi kwanza kimya cha pale, kama nilivyofundishwa, kisha nikampa bibi ishara. Akaimba beti tatu. Wa mwisho ulikuwa hivi:

Nimebeba maji mbali, kichwa changu chajua;
Nimebeba wana watatu, mgongo wangu wajua;
Bwana, nikitua mzigo, nani atanipokea?

Kwenye "atanipokea" sauti ilipanda ikaishia juu, ikabaki hapo. Bibi akafunga mdomo, akanitazama, akasimama hivyo kwa muda wa pumzi moja ndefu. Nilidhani ameishiwa nguvu, au amesahau mstari.

"Bibi, umemaliza?"

"Nimefika nilipofika," akajibu.

Nikalichukulia kuwa jibu la uzee, nikazima mashine. Mimi, niliyemuuliza mpaka daktari wangu wa meno ametokea wapi, siku hiyo sikuuliza swali moja lililohitajika.

Kurudi studio tulifanya kazi wiki nzima. Sauti ya bibi ilifungua wimbo ikiwa peke yake, bendi ikaingia kwa kishindo, Eliya akaimba maneno yake katikati, na mwishoni bendi ikapungua, bibi akarudi na ule ubeti wa tatu. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko nyingi nilizowahi kurekodi. Tatizo lilikuwa huo mwisho. Mnajua kila wimbo una sauti yake ya nyumbani, ile ambayo ukiifikia sikio linakaa chini. Wimbo wa bibi haukurudi nyumbani. Ulining'inia, na kila niliposikiliza nilijisikia kama mtu aliyeinua mguu kukanyaga ngazi ambayo haipo.

Siku moja mchana nikiwa peke yangu niligundua kwamba mstari wa kwanza, penye "chajua", bibi anaigusa sauti ya nyumbani kwa muda mfupi sana. Nikaikata ile "a". Nikairefusha. Nikaibandika mwisho kabisa, baada ya "atanipokea", na chini yake nikatandika kimya cha Vihingo ili kiungo kisisikike. Kimya kilekile ambacho Mzee Kombo alinifundisha kukusanya, nikakitumia kufichia kosa alilonikataza. Ilisikika kamili. Niliipenda kazi yangu, na nasema hivyo bila kujitetea.

Waliposikiliza, Zuhura alifumba macho. "Huu mwisho unapumzisha," akasema. Mpiga besi akasema sawa, mama. Eliya ndiye aliyekunja uso.

"Bibi aliimba hivi? Mimi tangu mtoto nausikia unaishia juu."

"Ulikuwa kwa jirani," nikamjibu.

Si uongo, lakini ni ndugu yake wa tumbo moja. Eliya akaliamini jibu langu, akaongeza sauti ya gitaa inayoshuka pamoja na ile "a", na wimbo ukaenda hewani. Watu waliupenda na waliuchukia kwa kiasi kinachotosha.

Wiki mbili baadaye Eliya alikuja bila gitaa. Hakukaa.

"Mama, jiwe la bibi limetolewa kanisani."

Akanieleza kile ambacho naye ndio kwanza alikuwa ameelezwa na bibi yake. Nyimbo za Watu wa Mlango Wazi haziishi. Zote zinaachwa juu, na baada yake wanangoja pumzi moja kimya. Wimbo wa mtu unarudishwa nyumbani siku moja tu, siku ya kumzika. Hapo wenzake wanasimama kaburini, wanauimba mpaka mwisho, kisha wanaushusha. Wanaita kumfungia. Jiwe lake linatolewa kwenye safu na kuwekwa kaburini, na baada ya hapo hakuna anayeuimba tena wimbo ule. Mama Debora alikuwa mashineni akisaga, redio ikiwa juu ya gunia, akausikia wimbo wa Salome ukifungwa. Salome mwenyewe alikuwa kwenye foleni na ndoo yake ya mahindi.

"Bibi ameapa kwamba hakuimba ule mwisho," Eliya alisema. "Wanamwamini, hajawahi kusema uongo. Kwa hiyo wanasema kuna mtu mwingine kaufunga. Sasa hana pa kusimama. Kaniambia anataka afe akiwa ndani, siyo nje. Mama, ule mwisho ulitoka wapi?"

Niliona aibu. Nikamwambia twende Vihingo, nitaeleza kulekule. Nilichukua kompyuta ya mkononi na spika. Njiani nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia ukweli mtu mmoja kabla ya kuwaambia arobaini, na sikuutumia. Nilitazama dirishani mpaka tukafika.

Bibi Salome alikuwa amesimama nje ya ile fremu isiyo na mlango. Walikuwa wamelitoa jiwe lake, na kwa kuwa halikuwa na kaburi la kuwekwa, waliliacha hapo kizingitini. Yeye alikuwa juu yake, anaimba pamoja nao kutokea nje, kwa sauti ndogo, nyimbo za wengine. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Mtu alimletea maji, akamwita "yule mama", kwa kuwa jina la aliyefungiwa halitamkwi mpaka siku zake za matanga ziishe. Lakini matanga ya nani, wakati mwenyewe anakunywa maji?

Ibada ilipokwisha, Mama Debora alitoka, tukaamkiana. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeletewa mashine asiyoijua.

"Hatumwadhibu," alisema. "Wimbo uliofungwa na mwenzio umefungwa, hatuwezi kuufungua. Tatizo ni kwamba hatujui tumweke wapi."

"Aliyeufunga ni mimi," nikasema. "Lakini sikuimba."

Nikaweka spika juu ya jiwe la kizingiti, bibi akasogeza mguu kunipisha. Nikapiga mstari wa kwanza: kichwa changu chajua. Nikapiga ile "a" peke yake. Nikairefusha mbele yao. Kisha nikapiga mwisho wa wimbo. Nikawaambia kwamba sauti yote ni ya Bibi Salome, kwamba nilikata kipande chake mwanzoni nikakibandika mwishoni, kwamba hakuniruhusu, na kwamba Eliya aliponiuliza nilimzungusha. Niliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, ila sikuweza kumtazama Eliya.

"Rudia," akasema Mama Debora.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole. Watu walikuwa wamesogea, wameinama juu ya spika kama wanaotazama kifaranga kinaanguliwa.

"Salome, hiyo ni sauti yako?" aliuliza. Nikasikia watu wakiguna, maana amelitamka jina.

"Yangu," akasema Bibi Salome. "Ya kwenye maji. Ya kwenye kutua sikuitoa."

"Mtu hujifungia mwenyewe?"

"Hajifungii," wakajibu watu kwa pamoja, kama jambo linalojulikana na kila mtoto.

Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono. "Na lile gitaa je? Mimi nimelisikia. Nalo lilishuka pamoja naye."

Mama Debora akamgeukia. "Gitaa lina mdomo?"

"Halina."

"Basi kule kwenye kinanda tulitoka kwa ajili ya nini?"

Wakacheka, na mzee naye akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yakinilenga. Wimbo ukahesabiwa haujafungwa, na wanaume wawili wakaja kulibeba jiwe walirudishe ndani. Bibi Salome hakushuka.

"Ngojeni," akasema. "Huyu amechukua sauti yangu, na hajasema ataileta lini."

Nilimwambia nitaufuta ule mwisho siku hiyohiyo. Akatikisa kichwa.

"Kufuta si kurudisha. Siku yangu ikifika utakuja kunifungia pamoja nao. Kwa mdomo wako, siyo kwa hicho."

"Bibi, mimi siimbi. Maisha yangu yote nasikiliza tu."

"Utakuwa umepumzika vya kutosha," akasema, akashuka kwenye jiwe.

Waliliingiza ndani, wakalikalisha mahali pake, na mmoja akalisukumasukuma kwa kisigino mpaka likatulia. Eliya alisimama karibu nami akiangalia. Tukirudi tulivuka lile daraja. Hapo akarudia jibu langu, bila kunitazama: "Ulikuwa kwa jirani." Nikamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa. Jumatatu alikuja studio na gitaa, tukautengeneza upya.

Toleo mnalolijua ninyi ndilo hilo. Linaishia juu, kwenye "atanipokea", kisha kinafuata kimya cha Vihingo kwa muda wa pumzi moja, na kwa mbali, ukivaa hedifoni nzuri, utamsikia jogoo mwenye kikohozi. Mnajua pia usumbufu wake. Kila ukipigwa, wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kwa nini tunakata nyimbo za watu kabla hazijaisha. Nimewahi kujibu simu hizo mimi mwenyewe, na niliwaambia kila mara kwamba mtambo ni mzima, mwimbaji naye ni mzima.

Masika iliyopita nilipokea simu ya Eliya asubuhi. Alisema, "Mama, njoo," nikajua. Nilifika Vihingo bila mkoba, bila hedifoni, na mikono sikujua niiweke wapi. Walikuwa wamelibeba jiwe lake mpaka kaburini. Mama Debora akafungua wimbo, wakaimba beti zote tatu kwa visigino kwenye udongo uliolowa, Zuhura safari hii hakukosea hata pigo moja, wakafika kwenye "atanipokea", wakaishia juu. Kikafuata kimya. Nilikijua kile kimya. Nilikuwa nimekirekodi kwa mkono wangu, nimekisikiliza mara mia, na sikuwahi kuelewa kwamba ndani yake kuna watu wanaongoja.

Eliya akanigusa kiwiko. Wakaanza kuushusha wimbo, nami nikafungua mdomo. Sauti yangu ilitoka mbaya, ya kukwaruza, chini kidogo ya zao, nikaiburuta mpaka nikaikuta ya kwao na kukaa humo. Nililia, na sikuacha kuimba.

Kwenye kompyuta ya chumba cha ndani kuna faili lenye jina la Bibi Salome. Siku moja mmoja wenu atalifungua, atasikia beti tatu zinaishia hewani, na mikono itamwasha amalizie. Auache wimbo ulivyo. Mwisho wake niliuchukua mimi, na nimeshaurudisha kwa mwenyewe.